Chokaa Iliyolala

"Njoo uone mwenyewe, Baba Oliva! Usiniambie habari za jua!" Mama Verediana alitikisa fungu la chainizi mbele ya mlango wa mashine ya kusaga. "Majani yameungua kama yamepigwa pasi. Hayo ni maji yako ya mtaroni!"

"Jirani, pengine ni mvua ya juzi..."

"Mvua gani inaunguza? Nimezaliwa hapa hapa Masakta, mvua ya kuunguza mboga sijaiona!"

Akina mama waliokuja kusaga walitua madebe yao wakasogea. Ugomvi mtamu haupitwi. Oliva, mwanafunzi wa darasa la saba, alijibanza nyuma ya baba yake. Moyoni alijua jirani anasema kweli.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na dizeli ilikuwa inapanda bei kila kukicha. Mzee Maximilian, baba yake Oliva, akajifunza kutengeneza mafuta ya mashine mwenyewe. Alichanganya mafuta ya alizeti na spiriti kali ya kiwandani, akatia kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni. Injini ilinguruma vizuri, moshi ukanukia maandazi. Ila kostiki iliyeyukia humo humo, na kuitoa kulihitaji maji ndoo kwa ndoo. Maji hayo yaliishia mtaroni, na mtaro uliishia kwenye bustani ya Mama Verediana.

"Nakupa mpaka Jumamosi," alisema Mama Verediana. "Nikiyaona tena, nakwenda kwa mtendaji. Mashine ifungwe, tukasage Katesh kwa miguu, na mimi nitakuwa wa kwanza kutembea!"

Mwalimu Thadei, mwalimu wa sayansi aliyetokea Bukoba, alikuwa kwenye foleni na debe lake. Watu walipotawanyika, akamfuata Mzee Maximilian.

"Mzee, kostiki ni kichocheo, na kichocheo ni kama mshenga. Anawakutanisha mafuta na spiriti, wanaoana, yeye haolewi. Shida ya mshenga huyu hajui kuondoka. Anayeyuka ndani ya nyumba ya watu mpaka umtoe kwa maji. Tutafute mshenga mgumu, wa ungaunga usioyeyuka. Akimaliza kazi anatulia chini, unamchuja, unamtuma kwenye harusi nyingine."

"Huyo anauzwa duka gani?"

"Yupo kwa wakaanga chipsi mayai. Wanamtupa jalalani. Ni maganda ya mayai."

Mzee Maximilian alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alikubali, na kazi ya maganda akapewa Oliva.

Aliyaokota mnadani, akayaosha na kuyaanika. Kisha mafundi wa shuleni wakamwekea chungu cha maganda hayo katikati ya tanuri la matofali ya darasa jipya.

"Yakitoka yatakuwa chokaa kali," Mwalimu alimwonya. "Usiiguse kwa mkono. Itie kwenye kopo kavu, ufunge. Chokaa hii hunywa maji, hata ya hewani. Ikishakunywa, imelala. Haitafanya kazi."

Ijumaa mchana fundi alimtolea chungu. Maganda yalikuwa meupe pe! Alipofika nyumbani Oliva akakumbuka kwamba kopo ameliacha shuleni. Na hapo hapo rafiki yake Paskalina akaita kutoka njiani, "Oli! Kwenye rede tumepungukiwa mmoja, njoo basi!"

Oliva aliangaza macho. Kibuyu cha maziwa cha mama yake kilikuwa uani, kimeoshwa asubuhi. Kwao kitu cha thamani huwekwa kwenye kibuyu, iwe maziwa, asali au mbegu. Akamimina maganda humo kwa upawa, akafunika, akakimbilia rede.

Aliporudi, kibuyu kilikuwa cha moto kama mtoto mwenye homa. Ndani hakikuwa kimekauka vizuri. Maganda yalikuwa yamevimba na kuwa unga laini. Oliva akakimbia shuleni kuchukua kopo, akahamishia unga humo, akafunga. Hakumwambia mtu ila Paskalina.

Jumamosi walikusanyika. Mwalimu alitia nusu ya unga kwenye dumu lenye mafuta na spiriti, akalifunga na kuliweka kwenye maji ya moto, mbali na jiko. Mzee Maximilian alilitikisa, akapumzika, akatikisa tena. Saa tatu zikapita. Mafuta yalibaki mafuta.

"Mwalimu, mshenga wako kalewa njiani?" alisema Mama Verediana. Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu Thadei alijifuta jasho. "Pengine nimekosea mimi. Samahani, mzee."

Mzee Maximilian alinyoosha mkono kuchukua kostiki. Mama Verediana akakaza khanga yake, tayari kwenda kwa mtendaji.

Paskalina alimnong'oneza Oliva, "Nyamaza. Nani alikuona?"

Oliva alimtazama Mwalimu, ameinamisha kichwa mbele ya watu kwa kosa lisilo lake.

"Mwalimu hakukosea!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Niliweka chokaa kwenye kibuyu kibichi, nikaenda kucheza."

Mzee Maximilian aliurudisha mkono.

"Mbona hukusema jana?" baba yake aliuliza.

"Niliogopa, baba."

"Na kibuyu changu?" mama yake alidakia. "Kimepasuka?"

"Hapana, mama."

Mwalimu alishusha pumzi, uso ukamkunjuka. "Basi hakuna kilichoharibika. Chokaa iliyolala huamshwa kwa moto, na tanuri bado linawaka."

Wote wakamgeukia Mama Verediana. Alimwangalia Oliva, akalegeza khanga yake. "Nawapa mpaka Jumanne," alisema. "Kwa ajili ya mtoto huyu, siyo kwa ajili ya mashine!"

Jumanne chokaa ilitoka tanurini ikaingia kwenye kopo kavu, na safari hii Oliva hakulitoa mkononi. Baada ya shule dumu lilitikiswa, likaachwa litulie. Unga mweupe ulikaa chini, juu yake kimiminiko kizito kama asali nyeusi, na juu kabisa mafuta maangavu. Wakachuja. Injini ikanguruma. Unga ule ule wakautia kwenye dumu la pili, nao ukafanya kazi tena.

"Siku moja unga huu utachoka," alisema Mwalimu, "lakini siyo leo."

Mama Verediana alikwenda kuchungulia mtaro. Ulikuwa mkavu.

Mzee Maximilian alimshika binti yake bega. "Ungenyamaza, tungeitupa kazi nzuri na kumwaibisha mtu mwema. Kosa likisemwa, hutengenezwa. Likifichwa, hubebeshwa mwingine. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

Mama yake Oliva alitokeza jikoni, mwiko mkononi. "Mama Verediana! Unasimama huko nje kama mkaguzi? Makande yameiva. Mwite na Mwalimu, karibuni ndani tule."