Fimbo ya Ndiva

Mzee Eliufoo wa kijiji cha Vudee alikuwa na wivu. Tuseme wazi, maana mwenyewe hakusema.

Kwa miaka thelathini alitunza ndiva, bwawa la maji ya mashamba. Kila asubuhi alipima kina cha maji kwa fimbo yake, akazibua tundu la kutolea maji, akawagawia watu zamu. Aliyetaka maji alimwamkia yeye kwanza.

Kisha likaja bomba lenye koki. Kamati ikamkabidhi koki Beatha, binti wa mdogo wake. Sasa watu walipanda ndivani wakimwita Beatha. Mzee walimpita kama kisiki, na moyo ulimuuma.

"Baba mkubwa, njoo nikuonyeshe koki," Beatha alimwambia.

"Nilikubeba begani. Leo unifundishe maji?"

Asubuhi moja alitangulia ndivani. Alizibua tundu la zamani ili maji yapite mferejini, watu waone kwamba bado anaweza. Lakini mfereji ulikuwa umekaa miezi bila kutengenezwa, umejaa nyufa. Maji yote yakaishia korongoni. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mkewe, Devotha. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua, na hayakupata hata tone.

Ernesta, bibi shamba wa kata, aliwakuta mzee, Devotha na Beatha kwenye ndiva tupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimezibua mimi. Usitafute mwingine."

"Kwani bomba limekukosea nini?"

Mzee akajibu, "Bomba halina kosa. Ila tangu lije sina kazi. Namwonea wivu mwanangu mwenyewe. Na hiyo koki, naogopa kukosea mbele yake."

Ernesta akamgeukia Beatha. "Umesikia? Mara nyingi mtu mzima hakatai kitu kipya kwa ukaidi tu. Anaogopa kupoteza nafasi yake, na anaona aibu kujifunza mbele ya watoto. Tulileta bomba bila kumuuliza. Hilo ni kosa letu. Na wewe mzee, ungesema mapema. Wivu haumwagilii maharage."

"Hata mimi sijui kupima kwa fimbo," alisema Beatha. "Huwa nakisia tu. Ndiyo maana mashamba ya chini hukosa maji."

"Basi fundishaneni," alisema Ernesta. "Taratibu, mkiwa wawili tu."

Ndiva ilipojaa tena, Eliufoo alijifunza koki asubuhi mapema, kabla watu hawajafika. Beatha alijifunza fimbo. Alipokosea kipimo, mzee alifurahi kidogo, kisha akamwonyesha tena. Maji yakaanza kufika hadi shamba la mwisho. Baadhi ya maua ya maharage ya Devotha yalikuwa yameshadondoka, lakini yaliyobaki yalizaa.

Siku moja Daudi, mkulima wa mashamba ya chini, alipanda ndivani.

"Shikamoo mzee. Zamu yangu lini?"

Eliufoo alikuwa na jibu mdomoni. Akampa Beatha fimbo.

"Ngoja apime," alisema. "Atakuambia yeye."