Mtandao Usio na Mwenyewe

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo la kuudhi: waifai isiyo na jina ilionekana katika bweni la wasichana. Fundi wa mtandao wa chuo hakushangaa. Wanafunzi hawaishi kuingiza vifaa vyao kwa magendo, wanavichomeka chini ya vitanda, kisha mtandao wa chuo unagoma na lawama zote ni zake. Kazi yake ilikuwa kuvisaka na kuving'oa. Lakini alipoufuata mtandao huu kwa simu yake, mchana kweupe, ulimfikisha kwenye chumba alichofia bintiye mwaka uliopita.

Msichana aliyekaa humo sasa alikuwa hoi kitandani, midomo imekauka, simu sikioni.

"Hali chakula, halali usingizi," mlezi wa bweni alinong'ona. "Anaongea na hiyo simu tu. Wenzake wamemkimbia."

Fundi alipekua kila pembe. Hapakuwa na kifaa wala waya. Palikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya bintiye, na nyuma yake harufu ya kitu kinachoungua. Kisha simu ya fundi mwenyewe ikasema kwa sauti ya bintiye, "Baba, niandikishe. Nimechoka kufukuzwa."

Kifaa kilichoandikishwa hakiguswi. Ndiyo sheria ya bweni. Fundi akafungua kompyuta yake, machozi yakimlenga, akaandika jina la mwanawe penye nafasi ya mwenye kifaa, akabonyeza ruhusa.

Papo hapo simu zote bwenini, za mezani, za chini ya mito, za mifukoni mwa wasichana waliokuwa wakifua uani, zikaanza kuita "Baba, Baba" kwa sauti ya binti, kisha kwa sauti nzito isiyo ya mtoto wala ya mtu, huku mgonjwa akijikunja kitandani, macho yamegeuka meupe, pumzi ikikwama.

"Kifute, fundi!" mlezi alilia. "Anakufa huyu! Huyo si mwanao!"

"Najua, mama."

Alijua tangu neno la kwanza. Bintiye hakuwahi kumwita Baba. Alimtania kwa kumwita Injinia. Alijua, ila alitamani mno awe yeye. Akabonyeza kufuta.

"Injinia," simu ikasema taratibu, kidole kikiwa bado juu ya kitufe. "Ni mimi. Huku kuna giza."

Kisha simu zote zikanyamaza.

Mgonjwa akavuta pumzi, akaomba maji. Mlezi akamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi alikaa sakafuni na simu yake, akiutafuta ule mtandao.