Vifuniko Viwili vya Shaba

Honi ndiyo iliyomtoa mlinzi wa lango kwenye chai yake. Ililia mfululizo kutoka upande wa korongo, na mlinzi akadhani ni mzaha wa watu wa klabu. Ilipozidi dakika tatu akaiacha chai, akakipanda kilima cha Nundu kwa miguu na kuchungulia upande wa pili. Gari la kijani la Mwenyekiti wa klabu lilikuwa limetua kwa pua kati ya mawe mawili. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amelalia usukani, kifua kimebana honi, na mlinzi alijua tangu pale juu kwamba hapakuwa na haja ya kukimbia.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, saa nne kasoro asubuhi. Jumapili magari ishirini na mawili yalikuwa yapite njia hiyo, yamejaa wake, waume na watoto.

Inspekta alifika saa tano na konstebo wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kujishuku. Uwanja huo wa klabu ya magari aliujua. Ni mahali ambapo watu wazima wenye kazi zao za maana huja kuyachafua magari yao kwa hiari, kupanda mawe, kuvuka mto na kukwama kwenye matope, kisha wakarudi nyumbani wamefurahi. Nundu palikuwa mahali pa kuogopwa kuliko pote. Dereva akifika kileleni haoni kitu ila boneti na mbingu. Njia inakata kushoto ghafla, na kulia ni korongo.

Mlangoni pa ofisi, kibanda cha mabati chenye dirisha moja, alisimama Mwalimu.

Moyo wa Inspekta ulitulia kumwona. Huyu ndiye aliyemfundisha gari chuo cha polisi, ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza kazini, na ndiye aliyekwenda kuongea na baba yake wakati baba aliposema hazai askari. Tangu astaafu alikuwa mwelekezi wa uwanja, yule anayesimama mbele ya gari na kumwongoza dereva kwa mikono. Kila kitu Inspekta alichokijua kuhusu kumhoji mtu, alikuwa amekipata kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu." Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa pale ofisini peke yake tangu saa moja, akipanga msafara wa Jumapili, mpaka mlinzi alipokuja mlangoni mbio. Kisha akaongeza, "Angalia breki. Fundi alilifungua gari lile jana."

Inspekta akaangalia breki. Bomba lilikuwa limekatika. Saa nane mchana fundi alikuwa mahabusu.

Fundi alikuwa mtu mnene, mwenye mikono isiyotakata na hofu iliyojaa usoni. Aliandika maelezo yake kurasa mbili: Alhamisi alibadili oili, alikaza breki akazijaribu, alifunga vifuniko vinne vipya vya shaba vya vali za matairi ambavyo Mwenyekiti alikuwa ameviagiza kwa maringo yake, na jioni mwenye gari akalichukua mwenyewe. Si breki, alisema. Inspekta akamuuliza tena. Si breki. Mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa kwenye benchi la mapokezi na kapu la nguo, akakataa kwenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi ripoti mbili zilifika mezani. Daktari alisema mbavu na shingo, hapana pombe, moyo ulikuwa mzima. Mkaguzi wa magari akaja na yake mkononi, maana alipenda kusoma mwenyewe.

"Bomba limekatwa na jiwe," akasema. "Oili yote ya breki iko chini kwenye mawe. Njiani juu hakuna hata tone."

"Alikuwa mwendo gani?"

"Gia nzito, namba moja. Mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna alama ya kushika breki, Inspekta. Hakuna hata kusita. Alitembea taratibu akaingia korongoni."

"Amejiua?"

"Alifunga mkanda, akashusha kioo, akapunguza upepo kwenye matairi yote manne. Wewe ungejisumbua hivyo?"

Inspekta akaenda kwa mkuu wa kituo kuomba fundi aachiwe. Mkuu alikuwa na simu mbili mezani na zote zilikuwa zikiita, maana Mwenyekiti alijuana na watu. Akasema hamwachii mtu kwa ajili ya bomba. Aletewe mwingine, ama Jumatatu asubuhi fundi anapanda kortini kwa kuua. Alipotoka, Inspekta akapita mbele ya benchi la mapokezi bila kutazama.

Akarudi kwenye vielelezo. Mfuko wa shati la marehemu ulitoa kitambaa, kalamu ya risasi na vifuniko viwili vya vali, vya shaba, vipya. Gari lenyewe halikuwa na kifuniko hata kimoja kwenye magurudumu. Akavigeuza vile viwili kiganjani kwa muda, kisha akampigia simu mlinzi wa lango.

Mlinzi alishangaa kuulizwa jambo la kitoto namna hiyo. Alieleza kwamba watu wa uwanja wakifika mwanzo wa njia hupunguza upepo ili tairi ishike mwamba. Dereva hushughulikia magurudumu ya upande wake, na aliyekaa naye ya upande wake. Vifuniko kila mtu hutia mfukoni mwake, visipotee mchangani. Hakuna anayefanya vinginevyo, akasema, ni mkono tu unakwenda.

Basi alikuwapo mtu wa pili. Alishuka, akatoa upepo upande wa kushoto, akapanda, na kileleni akashuka tena. Na Mwenyekiti, mtu aliyekuwa na shaka na kila mtu, hakukubali kuongozwa pale Nundu na mikono ya yeyote ila ya mmoja.

Daftari la lango lilionyesha magari mawili tu kabla ya honi kulia: la Mwalimu saa moja, la Mwenyekiti saa mbili. Inspekta aliamua kwamba mtu alipenya kwenye ua. Alimtuma konstebo akague ua wote, nguzo kwa nguzo, ingawa mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeacha ardhi laini ambayo ingeonyesha hata nyayo za kuku. Konstebo akarudi jioni na viatu vya tope. Hakuna aliyepita. Inspekta akamwambia akague tena kesho. Alijua anachofanya, na aliona haya kukifanya.

Jumapili asubuhi, kabla ya ua, Inspekta na konstebo walifungua kufuli la polisi ambalo Inspekta mwenyewe aliliweka kwenye ofisi ile Ijumaa. Alikuwa amemwita Mwalimu waje wakae pamoja, amsaidie. Hivyo ndivyo alivyojiambia njiani, kwamba anakwenda kusaidiwa.

Mezani palikuwa na mpango wa msafara uliokuwa uondoke siku hiyohiyo, kwa mwandiko safi wa Mwalimu: nani atangulie, nani afunge mkia, magari ya wageni yakae kati ya magari ya wazoefu, redio ziwe masafa gani, wapi watu wapumzike. Alikuwa ameacha hata nafasi pana kwa mama mmoja anayeogopa mteremko. Dirishani lilikaa kopo la maziwa ya unga, ambamo waelekezi hukung'uta mifuko yao kila warudipo: skrubu, nati, vifuniko. Inspekta akalitazama kopo hilo, akaacha kutazama kitu kingine.

"Ijumaa ulifika hapa saa moja," akasema.

"Saa moja. Nimeshaeleza."

"Ukatoka?"

"Sikutoka."

"Kuna aliyeingia?"

"Hakuna. Mlinzi alisimama mlangoni."

"Halafu nikafika mimi."

"Ukafika wewe."

"Nikafunga kufuli. Ufunguo ninao mimi, haujatoka mfukoni mwangu."

"Ndiyo, binti yangu."

Akalichukua kopo, akalimimina juu ya karatasi ya mpango. Kwa kuwa vya mwisho kuingia ndivyo vya kwanza kutoka, vikabingirika mbele ya vyote vifuniko viwili vya shaba, vipya, na kimoja kikasimama karibu na kiwiko cha Mwalimu.

"Fundi alivifunga Alhamisi jioni," Inspekta akasema. "Alhamisi jioni ofisi hii ilikuwa imefungwa. Viliingiaje humu?"

Mwalimu alivitazama. Miaka thelathini ya polisi, na vidole vyake vilikuwa vimekung'uta mfuko koponi, kama kila siku, wakati akili yake ikijiandaa kumdanganya mlinzi. Akatoa pumzi. Uso wake ulionyesha kitu ambacho Inspekta alichukia kukitambua, yaani ile sura ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata jibu.

"Sikuviona nilipovitia," akasema.

"Usiniambie hivyo. Niambie kwa nini."

"Kwanza nionye. Kwamba si lazima niseme."

Inspekta akamsomea onyo ambalo Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemkaririsha. Konstebo akafungua daftari. Mwalimu akamwomba Inspekta avute faili lililokuwa kwenye rafu.

Lilikuwa na mipango ya misafara ya miaka minne. Kila mpango ulikuwa na ukurasa mmoja wa vipimo, ambao sheria ya klabu inataka kiongozi aujaze baada ya kutembea njia nzima kwa miguu, na fimbo mkononi, akipima kila shimo na kila kivuko. Chini yake ni sahihi. Inspekta akazipanga karatasi nne sambamba. Kivuko cha mto, sentimita arobaini. Sentimita arobaini. Arobaini. Arobaini. Sahihi ya Mwenyekiti mara nne.

Hakuna mto duniani unaokaa kina kimoja miaka minne. Inspekta akakaa chini.

Miaka miwili nyuma alikuwa amesimama kando ya kaburi la binti pekee wa Mwalimu. Binti aliingia kwenye kivuko kile asubuhi moja akiwa wa kwanza katika msafara, na maji yakalibeba gari zima. Klabu ilichunguza. Mwenyekiti mwenyewe aliandika kwamba marehemu aliingia kwa mwendo wa kasi kupita kiasi. Na Mwenyekiti mwenyewe alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia.

"Alhamisi tulikaa hapa kupanga," Mwalimu akasema. "Nikamuuliza, utakwenda kupima lini? Akacheka. Akaniambia, 'Nakili tu za zamani, Mwalimu. Ndivyo ninavyofanya siku zote, nani ana miguu ya kutembea kilomita tisa?' Akaniomba nimsogezee kalamu."

"Hakukumbuka anaongea na nani?"

"Hakukumbuka. Hilo ndilo lililoniua." Mikono yake ilitulia mezani. "Miaka miwili huyu mtu alikuja kwangu kila wiki. Alikula sahani moja na mimi. Mke wangu alimwita shemeji. Na mimi nilikuwa namlaumu mtoto wangu, unasikia? Nilimkasirikia maiti kwamba nilimfundisha vizuri halafu akakimbiza gari majini. Nilikwenda kaburini kumgombeza."

Konstebo aliacha kuandika. Inspekta akamwashiria aendelee.

"Ijumaa ilikuwaje?"

"Nikamwambia twende tukapime. Akasema kwa gari, si kwa miguu. Akanichukua hapa mlangoni. Tukatoa upepo. Kileleni nikashuka, nikasimama mbele yake, akashusha kioo, akanitazama mikono. Nikamnyooshea mkono upande wa kulia kwake, wa korongo. Akaufuata. Mlinzi alipopanda, nilikuwa nimesharudi hapa kwa njia ya mkato."

"Ungeweza kumsimamisha?"

"Ngumi maana yake simama. Alikuja hatua kumi, kumi na mbili, ananitazama mikono tu. Nilikuwa na nafasi yote ya kukunja ngumi." Akavitazama vidole vyake. "Sikuikunja."

Inspekta alihisi huruma ikimpanda, na akaiacha ipande, kwa kuwa ilikuwa ya haki. Kisha kitu kingine kikaja nyuma yake, cha moto zaidi.

"Karatasi hizi ungeniletea mimi," akasema. "Alhamisi hiyohiyo. Ningemfungulia jalada."

"Angepata onyo, binti yangu. Unajua."

"Sijui. Wewe ndiye uliyenifundisha nisijue kabla sijajaribu." Akasimama. "Na breki?"

Mwalimu akaanza kulifunga faili.

"Nilikuja hapa Ijumaa nikiwa na maswali yangu. Ukanipa breki. Ukanipa mtu mwenye mke mjamzito, nikamtia ndani kwa sababu ni wewe uliyesema."

"Nilijua ungegundua si yeye. Nilijua kazi yako. Ungemwachia tu."

"Kesho alikuwa anapanda kortini, Mwalimu."

Hapo ndipo mzee yule, aliyesimulia kifo bila kupepesa, aliposhindwa kumtazama usoni. Aliinua mikono miwili juu ya meza, ikiwa pamoja. Konstebo akamtazama mkubwa wake kuona nani atafunga pingu. Inspekta alizifunga mwenyewe. Mikono ilikuwa na joto, nayo haikukataa.

Saa saba mchana aliteremka mahabusu na hati ya kumwachia fundi. Angeweza kumtuma mtu. Akamrudishia mkanda, saa na simu, akamwelekeza mahali pa kusaini, kisha akamwambia aliyeua amekiri.

Fundi alifunga mkanda polepole. Akauliza kama mkewe bado yuko nje. Inspekta akasema yuko.

"Nani alikuambia ni breki?"

"Mtu niliyemwamini."

Inspekta akanyoosha mkono wa kumwomba radhi. Fundi aliutazama mkono huo, akauacha hapo ulipo.

"Mimi nilikuambia si breki," akasema. "Mara mbili." Akatupia shati lake begani na kwenda kumfuata mkewe kwenye benchi.