Nilimpa Beryl Anwani Badala ya Nakala

Naitwa Akoth, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huku Homa Bay. Kwetu ni Sori. Mimi si mtu wa kuongea, lakini hasira imenifika kooni. Nikinyamaza tena nitapasuka!

Mama hufuga samaki kwenye vizimba ziwani. Likizo ya Desemba nilimpimia joto la maji kila asubuhi. Siku moja likashuka ghafla. Kesho yake samaki wakaelea, wamekufa... Nikasema, kumbe maji huonya! Nikaamua kuandika programu ya kuwaonya wafugaji.

Programu yangu ya kutunza vipimo niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Beryl, rafiki yangu wa chanda na pete, akaandika ya kuchora grafu kwa lugha nyingine, Python. Ili yake isome vipimo vyangu, ningempa nakala, au anwani ya pale vilipo kwenye kompyuta. Nakala ni kama picha ya nyumba yako: mtu akiichana, nyumba bado imesimama. Anwani ni kumwingiza ndani. Akihamisha kitanda, kimehama!

"Yawa, nyar Sori, unaniogopa mimi?" Beryl alinicheka, akiniita binti wa Sori kwa Kijaluo. "Nakala ni ya watu wasioaminiana. Leta anwani!"

Nikampa. Mjinga mimi!

Asubuhi ya mashindano ya sayansi ya shule, tulikopeleka kazi yetu, aliona zile siku za baridi zinaharibu mstari wake. Akapandisha vipimo vya siku hizo, grafu ipendeze. Lakini alikuwa ameshika vipimo vyangu vyenyewe! Programu yangu ilipofungwa, ikahifadhi uongo wake juu ya ukweli wangu. Na hakuniambia hata neno.

Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza, "Iko wapi hiyo siku maji yalipopoa?"

Nikatazama. Mstari umenyooka kama rula! Nikafungua programu yangu... yale yale. Nikamgeukia Beryl. Unajua alisema nini?

"Madam, vipimo ni vya Akoth. Mimi nilichora tu."

Nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa. Mwalimu wetu wa kompyuta akanifokea mbele ya shule nyingine kwamba nimepika vipimo, akaniondoa kwenye klabu ya kompyuta. Beryl akabaki! Tulipokutana mferejini akaniambia, "Si ulinipa mwenyewe? Sasa unanuna nini?" Kisha akajaza ndoo yake, akaenda zake akiimba. Akiimba!

Baada ya likizo fupi nilimletea mwalimu daftari nililoandikia vipimo kule Sori. Akalisoma lote. Akauliza, "Mbona hukusema siku ile?" Lakini ile kazi ilikuwa imeshafutwa kwenye kompyuta za shule, na hakuna aliyetaka kuianza upya.

Siku ya wazazi mama alikuja. Akaniambia samaki wamekufa tena, na hakuna kilichomwonya... Nilishindwa kumtazama usoni.

Wenzangu, programu ya mwenzako ikiomba data zako, mpe nakala, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Akinuna, anune! Na akikusingizia mbele ya watu, sema hapo hapo, hata sauti ikitetemeka. Mimi nilingoja nipate ujasiri kwanza. Nilipoupata, mama alikuwa ameshazoa samaki wake kwa ndoo.