Sabuni na Magoti ya Ranjanben

Njooni karibu, jamaa zangu mnaotaka hela zizae kabla hazijashika mimba.

Jioni ya Diwali, pale Rajkot, nyumba ya Hasmukhbhai ilikuwa tulivu. Taa za mafuta kibarazani, kachori mezani, na ile saa moja ya baraka soko la hisa linapofunguliwa ili watu wanunue chochote kwa heri ya mwaka mpya. Hasmukhbhai alikuwa anatabasamu peke yake. Laki tatu zote za rupia anazitia kwenye hisa za kampuni ya sabuni!

Laki tatu zenyewe zilikuwa za magoti ya mkewe, Ranjanben, aliyengoja kupasuliwa mwezi wa pili.

"Mama Hetal, hebu nisomee namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako."

"Ya nini?"

"Ya hisa. Sabuni! Kwani watu wataacha kuoga?"

"Wewe juzi uliacha, dunia haikutikisika."

"Acha utani, saa inaisha!"

"Baba Hetal, bei ikianguka mwezi wa pili nimwambie daktari aningoje? Si tulisema mfuko wa hati fungani, ule wa kukopesha kwa riba ndogo?"

"Ule? Unakua kama kucha! Tena nao hushuka."

"Hushuka ngazi moja. Hisa yako ikianguka, inaanguka na ngazi yenyewe."

Ranjanben akaikalia simu. Ndiyo, akaikalia kabisa. Saa ilipobaki dakika tano akakubali hisa kumi tu, za baraka. Pesa zilizobaki zikaenda kwenye mfuko wa hati fungani za muda mfupi.

Hasmukhbhai alinuna mpaka sikukuu ya kurusha tiara, mwezi wa kwanza. Hapo mafuta ya mawese, yanayopikiwa sabuni, yakapanda bei, na hisa ya sabuni ikaporomoka robo nzima. Ule mfuko ulitikisika kidogo, ukatulia. Akapiga hesabu, jasho likamtoka: angepoteza nusu goti! Mke angerudi nyumbani na goti moja na nusu.

Siku ya hospitali pesa zilitosha. Mzee alishusha pumzi mpaka nesi akamuuliza kama mgonjwa ni yeye.

Diwali iliyofuata hisa ilikuwa imeshainuka tena. Ranjanben alipanda darini na sinia la taa, bila kushika ukuta. Mumewe alimfuata akihema.

"Fanya haraka, baba Hetal! Unapanda kama kucha zinavyokua!"

FUNZO

Hisa ya sabuni haina ubaya, na hati fungani haimtajirishi mtu upesi. Ila pesa yenye tarehe yake iweke penye utulivu. Ya miaka mingi ijayo ndiyo ikapande na kushuka sokoni, tena si kwenye kampuni moja. Na mkeo akiikalia simu, muulize sababu kabla hujanuna.