Tundu la Waya

Tundu lilianza kutoa joto siku ileile Hirad alipolitoboa.

Nyumba yao ya Pumwani ilikuwa ya zamani, kuta nene, na intaneti ya sebuleni haikufika chumba cha nyuma, ambako mkewe, Hibaq, aliwauzia wateja madira, magauni mapana ya kike, kwa video ya moja kwa moja ya simu. Hirad akanunua ruta ya pili. Akatoboa ukuta kwa drili, akapitisha waya, akaiunganisha na ile ya kwanza. Taa zikawaka kijani.

"Sasa uza mpaka uchoke," akasema.

Hibaq alikunja pua. "Husikii harufu ya nywele zinazoungua?"

"Ni drili tu, wewe."

Kesho yake mchana, Hibaq akiwa ameinua dira mbele ya simu, wateja wakaanza kumwandikia: Nani huyo nyuma yako? Akageuka. Alikuwepo binti yao tu, Ubah, wa miaka mitano, amebandika sikio kwenye tundu.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Kuna mtu analia. Anasema Aabo alimtoboa jicho." Aabo ndivyo alivyomwita baba yake.

Kabla ya jua kutua, jicho la kushoto la Ubah lilijaa damu, na hospitalini hawakuona jeraha lolote. Waliporudi nyumbani akakataa chakula, akakataa kubebwa, akakaa akiutazama ukuta na kunguruma kwa sauti nzito ya mzee, huku ile harufu ikizidi hadi Hibaq akatapika mlangoni, na Hirad, ambaye maishani hakuwahi kuogopa kitu cha nyumbani kwake, akatoka mbio bila viatu kumwita Sheikh Dubow.

Sheikh alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho. "Rudi ulikotoka!" akaamuru. Ubah akapiga ukelele. Waya ukachomoka wenyewe, ruta ikazima.

"Ziba! Ziba upesi!"

Hirad akashindilia simiti kwa mikono mitupu. Harufu ikakatika. Ubah akafumbua macho, yote mawili safi bila damu, akaomba chai. Hibaq akaanguka kifudifudi akimshukuru Mungu, naye Sheikh akaaga.

Hirad akaegemea ukuta apumue. Ndani, nyuma ya simiti mbichi, sauti ndogo ikakohoa vumbi.

"Aabo? Mbona umenifungia? Huku kuna giza."

Hirad akaanza kuparua simiti kwa kucha. Mkekani, Ubah akaweka kikombe chini.

"Mwache, Hirad," akasema taratibu. "Mimi nilizoea. Naye atazoea."