Jina Tulilompa Samaki

Sogeeni, wajukuu zangu, mje hapa kwenye mkeka. Anayetafuna korosho ameze kwanza. Zimeni na simu zenu. Neno hili nalisema mara moja, na nataka kimya.

Mwanangu Amedeus alikuwa fundi wa pampu za visima. Nkowe, Chiola, kote huko walimjua. Kisima kikigoma, anaitwa yeye. Mwaka juzi alipata kazi Lindi, na mwenye nyumba ya wageni akampa tangi la vioo la kufugia samaki wa baharini. Akalileta kwake Nachingwea mjini, na maji ya bahari kwenye madumu.

Nikatoka Mnero kwenda kuliona. Siku yenyewe nzuri tu, jua la saa nne, nimembebea mkwe wangu Koleta unga wa mtama. Tangi lilikuwa juu ya meza, na chini ya meza kuna tangi jingine dogo. Maji ya juu yanashuka chini kwa bomba, pampu inayarudisha juu. Humo ndani samaki mmoja tu, mweusi, mnene.

"Mwone, mama," Amedeus akacheka. "Kitambi cha mjomba Saburi kabisa hiki."

Saburi alikuwa kaka yangu. Alikuwa akivuna chumvi huko Lindi, bahari ikamchukua, mwili haukuonekana. Sasa kwetu jina la marehemu halitupwi. Mtoto wa dada hukalishwa mbele ya ukoo, hupakwa unga kwenye paji la uso, huitwa kwa jina lile, na tangu hapo yeye ndiye mjomba. Jina la Saburi lilikuwa linamngoja Amedeus. Miaka mitatu akalikwepa.

"Basi mpeni huyu, mniache mimi," akasema. "Saburi! Njoo!"

Samaki akapanda juu. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi. Nikachovya vidole kwenye unga, nikamdondoshea kichwani.

"Saburi," nikaita. "Kaka, karibu nyumbani."

Koleta hakucheka.

Wiki ile ile umeme ulikatika mchana. Pampu ikasimama, maji yakarudi kinyumenyume kwenye bomba, tangi la chini likafurika hadi sebuleni. Amedeus hakushtuka.

"Bomba linanyonya, mama. Nikilitoboa tundu dogo pale karibu na uso wa maji, litavuta hewa, mnyonyo ukatike, basi."

Akatoboa. Akachomoa waya ili ajaribu. Maji yakashuka kidogo, yakatulia. Akaweka alama ya kalamu kwenye tangi la chini: hapa ndipo mwisho.

Kesho yake maji yalikuwa yameipita alama.

Akaosha kichujio. Konokono aliyeziba mdomo wa bomba akamtoa. Akafunga bomba la pili la akiba. Hakukosea hata kimoja. Maji yakafurika.

Akaanza kupima kwa ndoo. Nilipofika alikuwa ameketi sakafuni, suruali imelowa.

"Nilitia nane," akaninong'oneza. "Nimechota kumi na moja, mama. Na tangi la juu halijapungua."

Nikaenda kwa mkubwa wa ukoo, Mzee Nicholaus. Nikamweleza ule unga, na kucheka kwetu.

"Jina haliondolewi kwa mrithi aliye hai," akasema.

"Na akiuawa?"

"Utakuwa umemuua kaka yako. Mrudisheni baharini, awe mzima. Mkiwahi."

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa nje. Ndoo tayari. Koleta ameshika kifuniko, mimi nimeshika rozari. Amedeus akachomoa waya wa pampu ukutani, akauweka mezani, tukauona wote.

Pampu ikaunguruma.

Akapiga magoti. Akaingiza mkono kwenye tangi la chini aitoe. Maji yakapanda. Yakafika kwenye kiwiko. Yakafika begani.

"Mama," akanong'ona. "Kimenishika."

Tukamvuta. Koleta kiunoni, mimi shingoni. Hakusogea. Mle ndani hamkuwa na kitu, watoto wangu. Maji meupe, mkono wa mwanangu, na pampu. Basi.

Akageuza uso, akanitazama.

"Dada," akaniita.

Sauti ya Saburi. Ile ile, na kile kikohozi chake kidogo.

"Dada, mbona mmekawia?"

Kisha mkono ukaachiwa. Akaanguka chali. Nikamwita Amedeus, nikamwita tena, nikamwita kwa jina la ubatizo na la utoto. Hakuitika. Maji ya bahari yalimtoka kinywani, mengi, na shati lake lilikuwa kavu.

Tangi la juu nalo lilikuwa kavu. Samaki hakuwemo.

Tulipoondoa matanga tuligawa. Spana alirithi mdogo wake, Agapiti. Pikipiki, mdogo wake mwingine, Eliudi. Jina la Amedeus tulimpa mtoto wa dada yake Lusiana, kwa unga na kwa heshima, hakuna aliyecheka. Jina la Saburi hakuna aliyeliulizia.

Nyumba alirithi Koleta. Ukuta wa sebule unatoa chumvi nyeupe, kavu, na yeye anaikwangua kila Jumapili akitoka misa. Mwanzo ilimfika magotini. Juzi nilipomtembelea, ilikuwa imemfika kidevuni.